Mkwe Wangu Mnamtafuta kwa Herufi Gani? Namna ya Kumfuata Mfanyabiashara wa Zamani Katika Vitabu vya Orodha



Wanafunzi wetu wapenzi na wazazi wetu watukufu, makala hii tunaiandika kwa sababu ya kosa tulilolifanya sisi walimu. Tutaanza na kosa hilo, kisha ndiyo tusafiri hadi London.

Wanafunzi wa darasa la juu waliombwa waandike habari za wazee wao. Kijana mmoja akaandika kwamba baba wa babu yake alikuwa mfanyabiashara mjini, mwenye duka karibu na bandari, na kwamba watu wa bara walikuwa wakimjia kununua nguo. Sisi walimu tulikuwa na nakala za kurasa chache za kitabu cha zamani, kilichopigwa chapa wakati wa ukoloni, chenye orodha ya wafanyabiashara. Tukatafuta jina la mzee huyo kwenye herufi K. Halikuwapo. Tukamwambia kijana, tena mbele ya wenzake, kwamba huenda wazee walikuza habari, na kwamba tajiri wa namna hiyo asingekosa kuandikwa. Kijana hakujibu. Alikaa chini na kufunga daftari lake.

Baada ya siku chache alikuja bibi yake, na mkononi ana bahasha. Ndani mlikuwa na stakabadhi mbili za forodha zilizoliwa na mchwa pembeni, na jina la mzee likiwa limeandikwa kwa herufi za Kizungu. Bibi akatuuliza swali moja tu: "Maalim, mkwe wangu mnamtafuta kwa herufi gani?" Tukarudi kwenye nakala zetu. Mzee alikuwamo. Alikuwa kwenye herufi B, kwa kuwa karani aliyepanga kitabu alidhani "bin" ndilo jina la ukoo. Pamoja naye kwenye B ile walikuwamo akina "bin" wengine zaidi ya 20, wa makabila na mitaa mbalimbali, kana kwamba wote ni watoto wa baba mmoja.

Tulimwomba radhi kijana mbele ya wale wale waliosikia maneno yetu ya kwanza. Na tukaahidi kwamba katika gazeti la mwaka huu tutaeleza vizuri jinsi vitabu hivi vinavyosomwa, ili asije mtu mwingine akamfuta mzee wa watu kwa kutojua kusoma.

Kitabu cha orodha ni nini? Fikiria kitabu cha simu, kabla ya simu kuwapo. Mjini kuna maelfu ya watu, barua zinafika, mizigo inafika, na mgeni ameshuka bandarini anamtafuta muuza chai au fundi saa. Atamwuliza nani? Huko London walianza mapema sana. Orodha ya kwanza ya wafanyabiashara wa mji ule ilipigwa chapa mwaka 1677. Kuanzia mwaka 1800 kikawapo kitabu cha kila mwaka kilichohusiana na posta, kwa kuwa wapeleka barua ndio waliojua nani anakaa wapi. Katika miaka ya 1830 kazi hiyo ikaingia mikononi mwa mtu mmoja wa posta, Frederick Kelly, na kwa zaidi ya miaka mia moja baada yake Waingereza wakaviita vitabu vya namna hii kwa jina la Kelly. Kitabu kilichokamilika huwa na sehemu kadhaa: sehemu ya mitaa, nyumba baada ya nyumba, sehemu ya majina kwa mpangilio wa herufi, na sehemu ya kazi, waoka mikate pamoja, mawakili pamoja, wenye mikahawa pamoja. Mtu mmoja anaweza kuonekana katika sehemu moja asionekane katika nyingine, na hilo wengi hawalijui.

Sasa tuchukue mtu mmoja tumfuate. Tumemchagua kwa kuwa jina lake litawavutia, na kwa kuwa mwanahistoria Michael Fisher alimfuatilia kwa miaka mingi katika vitabu, magazeti na daftari za kodi, akatoa kitabu juu yake mwaka 1996. Mtu huyo Waingereza walimwandika Sake Dean Mahomed. Ukiitamka "Sake" polepole utagundua kwamba ni "Sheikh". Yaani ni Sheikh Din Muhammad.

Alizaliwa mwaka 1759 huko Patna, Bihar, katika Bara Hindi, kwenye familia ya Kiislamu. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, akafa vitani mtoto angali mdogo. Mtoto akamfuata ofisa mmoja, Godfrey Evan Baker, akakulia jeshini. Mwaka 1784 akafika naye Cork, Ireland. Mwaka 1786 alimwoa Jane Daly, binti wa Kiprotestanti, na mwaka 1794 akapiga chapa kitabu cha safari zake, ambacho kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kuandikwa kwa Kiingereza na mtu wa India. Baadaye, karibu na mwaka 1807, akahamia London.

Hapa ndipo biashara inapoanza. Mwaka 1810 alifungua mkahawa katika mtaa wa George Street, namba 34, karibu na uwanja wa Portman Square. Mtaa huo ulikuwa na Waingereza wengi waliowahi kufanya kazi India wakarudi na mali, na Din Muhammad aliwalenga hao: vyakula vya Kihindi vyenye viungo, viti vya mianzi, na chumba cha kuvutia buruma, kile kiko cha maji. Unasemwa kuwa ni mkahawa wa kwanza wa Kihindi Uingereza uliomilikiwa na Mhindi mwenyewe.

Ukitaka kuuona mkahawa huo leo, nenda George Street uitafute namba 34. Utapotea. Namba za nyumba zilibadilishwa, na mahali palipokuwa na mkahawa ule sasa ni namba 102. Kibao cha kijani cha ukumbusho kiliwekwa hapo mwaka 2005 na halmashauri ya Westminster. Basi ukipata anwani ya zamani ya mzee wako, usikimbilie kupiga picha nyumba yenye namba ile. Pata kwanza ramani ya wakati ule, au usome orodha ya mtaa mzima katika kitabu: nani yuko pembeni, njia gani inakatiza wapi. Kanisa, msikiti na kisima havihami upesi kama namba. Sisi wenyewe tunajua mitaa ya miji yetu iliyobadilishwa majina mara mbili au tatu, mara ya Mdachi, mara ya Mwingereza na mara ya baada ya uhuru.

Mkahawa haukudumu. Mwaka 1812 Din Muhammad alitangazwa muflisi. Na hapa tuangalie mtego mkubwa wa vitabu hivi. Kitabu chenye mwaka 1812 kwenye jalada kilikusanywa 1811. Kwa hiyo mtu aliyefilisika mwezi wa tatu ataendelea kusomeka kama mwenye mkahawa mpaka mwisho wa mwaka, na pengine zaidi kama karani ni mvivu. Vilevile mkahawa wenyewe uliendelea kwa muda mikononi mwa wengine, na jina la mlangoni lilikuwa lile lile. Anayesoma jina la duka akadhani amemsoma mwenye duka, amekosea. Mwaka 1815 kilitoka kitabu cha kuwaelekeza walaji mahali pa kula London, kilichoandikwa na Ralph Rylance, nacho kikaeleza kwamba mtu wa Asia aitwaye Muhammad alifungua nyumba ya chakula cha Kihindi akafilisika. Kitabu kimoja kidogo kama hicho kilieleza kwa mistari michache jambo ambalo orodha peke yake isingelieleza, yaani kwa nini jina limetoweka.

Kutoweka kwa jina ni jambo linalotaka subira. Jina likikosekana mwaka fulani, watu husema haraka: amekufa. Huenda amekufa kweli. Huenda pia amehama, amekosa kulipia, amehamia chumba cha kupanga, au amerudi kuwa mtumishi wa mtu. Hilo la mwisho ndilo lililompata huyu. Mwaka 1813 alitoa tangazo gazetini akijieleza kuwa ndiye aliyekuwa na mkahawa ule, na kwamba anatafuta kazi ya utumishi katika nyumba ya bwana yeyote. Alikuwa na umri wa miaka 50 na zaidi, mwenye mke na watoto. Vitabu vya orodha haviandiki watumishi. Lau tungekuwa na vitabu hivyo tu, tungemzika Din Muhammad mwaka 1812, na habari yake kubwa ilikuwa bado haijaanza.

Maana mwaka 1814 alihamia Brighton, mji wa pwani ambao wakubwa wa Uingereza walikwenda kupunga upepo na kuoga maji ya bahari. Akafanya kazi ya hamamu ya mvuke pamoja na kuchua mwili kwa mafuta. Mwaka 1821 ikasimama hamamu yake mwenyewe kwenye barabara ya King's Road, mbele ya bahari. Wagonjwa wa viungo walifika kwa magongo, na magongo ya waliopona yakatundikwa ukumbini ili kila mgeni ayaone. Aliteuliwa kumhudumia mfalme George wa Nne, kisha William wa Nne. Yule aliyekuwa akitafuta kazi ya utumishi sasa anaandikwa katika vitabu vya Brighton na cheo cha kifalme mbele ya jina lake.

Tuseme neno dogo kwa wanafunzi wetu wa kike, ambao hununua shampuu dukani kwa ajili ya nywele. Neno hilo limetoka katika Kihindi, na asili yake ni kukanda na kuchua. Din Muhammad ndiye aliyelieneza Uingereza kwa maana hiyo ya kuchua mwili, na maana ya kuosha nywele ikaja baadaye. Na hamamu ya mvuke si jambo geni kwetu, kwani Zanzibar iko mahali paitwapo Hamamni, palipojengwa hamamu ya watu wote wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888.

Turudi kwenye vitabu. Katika hamamu ile upande wa wanawake ulisimamiwa na mkewe, Jane. Ni yeye aliyewahudumia wanawake, na bila yeye nusu ya wateja wasingeingia. Lakini ukifungua orodha utakuta jina la mume. Ndivyo ilivyokuwa kwa vitabu vingi vya wakati huo: mwenye nyumba ndiye anayeandikwa, na mwanamke huonekana akishafiwa, anapoandikwa kuwa ni mjane aliyeachiwa biashara. Basi mkiwatafuta wazee wenu, waulizeni kina bibi nani hasa alikuwa akikaa dukani, nani alikuwa akishona, nani alikuwa akihesabu fedha usiku. Hayo hayamo kwenye orodha yoyote.

Jina lenyewe nalo limeandikwa kwa namna nyingi: Mahomed, Mahomet, Mahommed, Dean, Deen, mara na Sake, mara bila Sake. Katika kitabu kilichopangwa kwa herufi, tofauti ya herufi moja humpeleka mtu safu nyingine, na tofauti ya herufi ya kwanza humpeleka ukurasa mwingine kabisa. Kwa majina yetu tatizo ni kubwa zaidi. Khamis ataandikwa Hamis, Hamisi au Kamis. Sheikh ataandikwa Shekhe, Shaik au Sake. Suleiman ana namna sita au saba. "Bin" na "Al" huwa zinavuta jina mahali pasipostahili, kama tulivyoona kwa yule mzee wa kijana wetu. Njia tunayowashauri ni hii: kabla ya kufungua kitabu, andika pembeni namna zote ambazo mgeni asiyejua Kiswahili wala Kiarabu angeweza kulisikia jina hilo, kisha utafute zote moja moja. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Na akina Muhammad wakawa wengi. Watoto wa Din Muhammad walishika kazi ya baba, na hamamu nyingine ya jina hilo ikawapo London upande wa St James's. Anayesoma juu juu ataona Mahomed wa Brighton na Mahomed wa London, aseme ni mtu mmoja aliyehamahama. Walikuwa baba na mwana. Dawa yake ni kutazama mwaka mmoja katika vitabu vya miji yote miwili. Jina likiwa pande zote mbili kwa wakati mmoja, uliza kama ni matawi mawili ya mtu mmoja au ni watu wawili.

Lipo jambo jingine ambalo hatutalificha, ingawa lilitusikitisha. Din Muhammad alibaki na jina la Mtume wetu (S.A.W.) maisha yake yote, jina hilo likapigwa chapa kwenye vitabu na kupakwa rangi juu ya mlango wa hamamu, lakini tangu alipooa Ireland aliingia katika kanisa la Kianglikana, na mjukuu wake mmoja akawa padri. Msomaji wa orodha asiyejua hayo angeandika kwa furaha kwamba Brighton palikuwa na mfanyabiashara Mwislamu mwenye cheo cha kifalme. Sisi wenyewe tulikaribia kuandika hivyo. Orodha inakupa jina, kazi na nyumba. Moyo wa mtu haumo humo, na hatuna ruhusa ya kuutia wala kuutoa.

Hata mtu mwenyewe anaweza kukudanganya. Mwaka 1822 Din Muhammad alitoa kitabu cha kutangaza tiba yake, na humo akaandika kwamba alizaliwa mwaka 1749 na kwamba alisomea udaktari kabla ya kuingia jeshini. Lakini katika kitabu chake cha mwaka 1794 alikuwa ameshaeleza kwamba aliingia kwenye kambi ya jeshi mwaka 1769 akiwa mtoto wa miaka 11 hivi. Ukizipiga hesabu mbili hizi hazikutani. Aliongeza miaka kumi ili apate nafasi ya kuweka masomo ambayo hakuyasoma, maana mtaa wa matajiri unataka tabibu, hautaki mpishi aliyefilisika. Uongo huo ukamfuata mpaka kaburini, kwani alipofariki tarehe 24 Februari 1851, jiwe lake likaandikwa kwamba alikuwa na miaka 101. Hakufika hata 93.

Wanafunzi wanaosoma elimu ya hadithi hapa watakumbuka kwamba wanavyuoni wetu hawakuridhika na jina la mpokezi peke yake. Waliuliza alizaliwa lini, alikaa mji gani, alikutana na nani. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071 kwa kalenda ya Miladi, alikusanya habari za maelfu ya watu wa Baghdad, na miongoni mwao wamo wafanyabiashara. Kama mtu anadai kusikia kwa sheikh aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, tarehe humfichua. Hesabu tuliyompigia Din Muhammad ni ya namna hiyo hiyo.

Je, sensa isingetusaidia? Uingereza ilihesabu watu mwezi Juni 1841, lakini umri wa watu wazima ulishushwa kwa kawaida hadi kwenye tano iliyo karibu, na mahali pa kuzaliwa hapakuulizwa kwa undani. Sensa ya mwaka 1851 iliuliza vizuri zaidi. Ilifanyika tarehe 30 Machi, siku 34 baada ya mzee huyu kufariki.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya raha. Mshirika aliyekuwa na mtaji katika jengo la hamamu alifariki mwaka 1841, jengo likapigwa mnada, na familia ikahamia nyumba ndogo katika mtaa wa Black Lion Street. Ukifuata vitabu utaona tu kwamba anwani imebadilika kutoka barabara ya baharini kwenda kwenye mtaa mdogo wa ndani. Basi jifunze kuziuliza anwani: mtaa huu ulikuwa wa nani, kodi yake ilikuwaje, jirani zake walikuwa na kazi gani? Mstari mmoja uliohama ukurasa huenda ni nyumba nzima iliyolia usiku. Mjukuu wake mwingine, Frederick Akbar Mahomed, akawa daktari wa hospitali ya Guy's, London, akachunguza maradhi ya shinikizo la damu kabla hayajajulikana vizuri. Alifariki mwaka 1884 akiwa kijana wa miaka 35 tu.

Kwa upande wetu hapa pwani, hatuna mfululizo wa vitabu kila mwaka kama London. Lakini tusiseme hatuna kitu. Zanzibar gazeti la serikali lilianza kutoka mwaka 1892, na magazeti ya namna hiyo huwa na notisi za mali za marehemu, mauzo ya nyumba na meli zilizoingia bandarini. Baadaye, wakati wa Mwingereza, vikaja vitabu vya mwongozo vya Afrika Mashariki vyenye orodha za maduka na makampuni. Nyaraka za Taifa Zanzibar, pale Kilimani, na zile za Nairobi na Dar es Salaam zimehifadhi karatasi nyingi. Vitabu vingi vya orodha vya Uingereza vimekwisha kuwekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha Leicester, na mtu anaweza kuvisoma bila kupanda ndege. Na msisahau masanduku ya nyumbani. Stakabadhi ya forodha, hati ya nyumba, daftari la madeni la dukani lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi ya wakfu: vyote hivi huwa na mashahidi, na majina ya mashahidi ni orodha pia.

Wazazi wenye karatasi za namna hiyo tunawaomba wazilete madrasa siku ya Alhamisi baada ya Alasiri. Hatutazichukua. Tutazinakili mbele yenu na kuwarudishia papo hapo, na msizipige gundi wala msizipitishie utepe wa plastiki, kwani huharibu maandishi. Zile stakabadhi mbili za bibi tumezinakili, na nakala zimetundikwa kwenye ukuta wa darasa la juu. Chini yake kijana ameandika kwa mkono wake jina la mzee, kwa namna tisa.